Fedora Xfce kwenye mashine za GB 4: tathmini kutoka saiba ya Umoja

Mfumo wowote wa kompyuta ninaupima kwa swali moja: mteja akiacha fomu nusu, akatoka nje kupiga simu, akirudi ataikuta? Rangi ya menyu, uzuri wa aikoni na kasi ya kuwaka nitaziangalia baadaye.

Ninaendesha saiba, duka la huduma za intaneti, mtaani Umoja, Nairobi, na kazi yetu kubwa ni fomu. Ritani za kodi za KRA, cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, mkopo wa HELB, maombi ya vyuo kupitia KUCCPS. Ni nadra mteja ajaze fomu mwanzo hadi mwisho bila kuinuka. Huyu anatafuta namba ya kitambulisho cha mzazi aliye ushago, yule anangoja namba ya siri iingie kwenye simu aliyoiacha ikichajiwa duka la jirani. Tabo yake inakaa pale robo saa bila kuguswa. Na ndani ya mashine yenye RAM ya GB 4, kitu kisichoguswa robo saa ndicho cha kwanza kutafutiwa pa kuondolewa.

Kwa hiyo hii ni tathmini ya Fedora Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, toleo lenye Xfce, yaani sura nyepesi ya menyu na madirisha. Lakini hasa ni tathmini ya kerneli yake, kiini cha mfumo kinachogawa memori kwa programu: memori ikibana, inaanza kunyang'anya nini, kwa nani, na kwa wakati gani. Mashine zetu ni zile ndogo za ofisini zinazoletwa mjini kama ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4 za DDR3, diski ya kuzunguka ya GB 500. Zilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine zetu hazina. Sikuwa tayari kuzitupa, maana kwa fomu na kuprinti prosesa hizo bado zina nguvu ya kutosha. Kinachozikaba ni memori tu.

Kuiweka Fedora hakuna hadithi. Flashi ya USB, maswali machache, imekwisha. Xfce ni nyepesi na mteja aliyezoea Windows haulizi kitu. Tuendelee.

Kerneli inaigawanya RAM katika kurasa za KB 4 kila mmoja, hivyo GB 4 ni kurasa zaidi ya milioni moja. Kuna aina mbili unazopaswa kuzijua. Aina ya kwanza ni kurasa zenye asili yake kwenye diski: msimbo wa programu yenyewe, fonti, faili zilizosomwa. Ukurasa wa namna hii, kama haujabadilishwa, kerneli inaweza kuuachilia papo hapo, kwa sababu ukihitajika tena utasomwa upya kutoka diskini. Ukiwa umebadilishwa, lazima uandikwe diskini kwanza. Aina ya pili haina asili popote: maneno ambayo mteja ameandika kwenye fomu, picha ya kitambulisho iliyotoka kwenye skana sasa hivi, matumbo yote ya tabo iliyofunguliwa. Hizi haziwezi kuachiliwa hivi hivi. Ama zibaki kwenye RAM, ama zihamishiwe kwenye swapu, yaani nafasi ya akiba ya kuwekea kurasa za RAM, kwa kawaida diskini, ama programu yenyewe ife.

Ndiyo maana kijana anayenisaidia aliponiambia, "Madam, hii mashine imebakisha MB 150 peke yake," nilimwonyesha safu ya mwisho ya amri ya free, inayoonyesha hali ya memori, ile iliyoandikwa available. RAM iliyo tupu kabisa ni RAM isiyofanya kazi yoyote. Kerneli inaijaza kwa makusudi na kurasa za aina ya kwanza ili programu zifunguke haraka, nayo iko tayari kuzitoa pakihitajika. Kipimo cha available kiliingizwa kwenye kerneli mwaka 2014 kwa sababu hiyo hasa, yaani kukupa makadirio ya kiasi unachoweza kupata bila mashine kuanza kuhangaika. Na zile programu za "kusafisha RAM" zinazosifiwa kila mahali, pamoja na zile skripti za kumwaga kashe, yaani hizo kurasa za aina ya kwanza, kila baada ya dakika kadhaa, ninazipinga kabisa. Zinatupa kurasa nzuri, kisha diski inalazimika kuzisoma upya.

Sasa kubanwa kwenyewe. Kerneli ina alama tatu za memori iliyo wazi: ya juu, ya chini na ya mwisho kabisa. Fikiria tangi la maji la ploti. Maji yakishuka chini ya alama ya chini, keyateka anawasha pampu, anajaza hadi alama ya juu, anazima, na wapangaji hawajui lolote. Huyo keyateka kwenye Linux anaitwa kswapd, naye anafanya kazi pembeni huku programu zikiendelea. Lakini matumizi yakizidi kasi ya pampu hadi ile alama ya mwisho, kila mpangaji anayefungua mfereji anaambiwa kwanza akachote maji mwenyewe. Yaani programu iliyoomba memori inasimamishwa, inafanywa kutafuta kurasa za kuachilia, ndipo inapewa. Hapo ndipo kipanya kinapoanza kuruka na herufi kutokea sekunde kadhaa baada ya kubonyezwa. Mteja anabonyeza tena na tena, na hali inazidi.

Tathmini yoyote ya mfumo kwenye mashine ndogo inapaswa kuangalia ni mara ngapi unafika kwenye hatua hiyo ya pili. Kwa Fedora, katika matumizi ya kawaida ya saiba, yaani Chrome yenye tabo kadhaa, LibreOffice, skana na printa, tunafika mara chache sana. Na sababu kubwa ni zram.

Kabla ya zram niseme kuhusu ushauri unaotolewa sana na mafundi mjini, kwamba kwenye diski ya zamani uzime swapu kabisa ili mashine isikwame. Nia ni njema, lakini matokeo ni mabaya zaidi. Ukiizima swapu, zile kurasa za aina ya pili haziwezi kuhama popote, hata zile ambazo hazijaguswa tangu asubuhi. Kerneli inabaki na aina ya kwanza peke yake ya kunyang'anya, na ndani yake umo msimbo wa Chrome yenyewe, wa Xfce, wa kila kinachotembea. Inautupa ukurasa wa msimbo, nusu sekunde baadaye prosesa inauhitaji, unasomwa tena kutoka diskini, ukurasa mwingine wa msimbo unatupwa kuupisha, na huo nao unahitajika. Diski ya kuzunguka inachukua kama milisekunde 10 kufikia mahali pamoja, ilhali RAM inajibu kwa takriban nanosekunde 100. Tofauti ni mara 100,000. Taa ya diski inawaka moja kwa moja, hakuna swapu hata moja, na mashine imekwama vile vile. Kerneli tangu mwaka 2014, kwa kazi ya Johannes Weiner, mmoja wa waandishi wa kerneli, huacha alama ya kivuli mahali ukurasa wa faili ulipokuwa, ili ukirudishwa upesi itambue kuwa iliutoa mapema mno. Lakini kutambua hakusaidii kama hakuna kingine cha kutoa.

zram inalimaliza tatizo hili kwa njia ninayoipenda sana. Ni swapu iliyo ndani ya RAM yenyewe. Ukurasa usioguswa unabanwa, unahifadhiwa ukiwa mdogo, na nafasi iliyobaki inarudi kwa matumizi. Ukihitajika unafunguliwa, na kazi yote hiyo ni ya prosesa, diski haihusiki. Chukua kurasa za GB 2 zilizolala. Zikibanwa hadi theluthi moja zinakaa kwenye takriban MB 680, na umepata zaidi ya GB 1.3 bila kununua kitu. Kurasa zilizojaa sifuri tupu, ambazo programu huwa nazo nyingi, hazichukui karibu chochote. Kwenye mashine zetu amri ya zramctl huonyesha mara nyingi data ikikaa kati ya nusu na theluthi ya ukubwa wake wa awali.

Fedora imeiwasha zram kwa kila mtu tangu toleo la 33, Oktoba 2020. Ukubwa wake unalingana na RAM yako hadi kikomo cha GB 8, kwa hiyo kwenye mashine ya GB 4 utaona swapu ya karibu GB 4. Usishtuke ukidhani RAM yote imechukuliwa. Huo ni ukubwa wa data kabla ya kubanwa, na karibu hakuna RAM inayotengwa hadi pale itakapohitajika. Jambo hili nalipongeza kwa moyo wote. Mtu wa kawaida wa Nairobi aliyenunua ex-UK ya bei ya chini anapata tiba bila kujua kuwa aliihitaji.

Marekebisho niliyofanya ni machache. Nilichagua zstd kama njia ya kubana, kwa sababu inabana zaidi na prosesa zetu zina nafasi. Niliweka vm.page-cluster kuwa 0. Kwa kawaida ni 3, maana yake kerneli ikirudisha ukurasa mmoja kutoka kwenye swapu inaleta na majirani hadi jumla ya 8. Hilo lina faida kwenye diski inayozunguka, lakini kwenye zram ni kufungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba. Halafu swappiness, kipimo cha jinsi kerneli inavyopendelea kuhamishia kurasa kwenye swapu kuliko kuzitupa zile za faili. Kawaida ni 60, na wengi wanaipunguza hadi 10 kwa kuamini kuwa swapu ni adui. Mimi niliipandisha hadi 180. Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020 kipimo hiki kinafika 200, na nyaraka za kerneli zenyewe zinasema thamani zaidi ya 100 zinafaa pale swapu inapokuwa na kasi kuliko diski ya faili. Kwetu zram ina kasi kuliko ile diski ya GB 500 kwa umbali usiopimika kwa macho. Kwa hiyo ninaiambia kerneli: kabla ya kuutupa msimbo wa Chrome, bana kwanza zile tabo zilizolala.

Hapa fomu ya mteja wetu inaingia. Yeye yuko nje kwenye simu. Kerneli haijui kwamba kwenye kurasa zile kuna majina ya watoto wake na namba ya akaunti aliyoitafuta kwa shida. Inachojua ni jambo moja tu, kama ukurasa umeguswa karibuni au la. Kila ukurasa una biti ambayo prosesa huiwasha unapoguswa, na kerneli hupita ikiisoma na kuizima. Fomu iliyoachwa, kwa kipimo hicho, ni takataka sawa na tabo ya tangazo iliyosahauliwa tangu asubuhi. Siwezi kubadilisha hilo. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba kunyang'anywa huko hakuna madhara: ikibanwa kwenye zram, mteja akirudi na kubonyeza, inafunguka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Kipimo hicho cha kuguswa nacho kimeboreshwa sana. Kwa miaka mingi kerneli ilitumia orodha mbili, ya kurasa zinazofanya kazi na ya zisizofanya kazi, na kuamua nani ahamie wapi kulikula muda mwingi wa prosesa. Yu Zhao wa Google aliandika mfumo mwingine unaozipanga kurasa kwa vizazi, hadi vinne, na unaosoma zile biti kwa kutembea kwenye majedwali ya kurasa, yaani daftari za kila programu za kurasa inazotumia, badala ya kuufuatilia kila ukurasa mmoja mmoja hadi kwa programu zinazoutumia. Unaitwa MGLRU, na uliingia kwenye kerneli 6.1 mwezi Desemba 2022. Google walieleza kwamba kwenye vifaa vyao muda wa prosesa uliotumiwa na kswapd ulipungua kwa asilimia 40. Fedora inauwasha. Ukitaka kuhakikisha kwenye mfumo wako, soma faili /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled. Ukiona 0x0007 umewashwa wote, ukiona 0x0000 umezimwa, na kwa mashine ndogo ningekuomba uuwashe leo.

Mtihani wa kweli ni wiki ya mwisho ya Juni, ritani za KRA zinapokaribia tarehe 30 na foleni inafika mlangoni. Wakati huo ninaacha terminali moja wazi kwenye faili /proc/pressure/memory. Kipimo hiki kiliingia kwenye kerneli 4.20 mwishoni mwa 2018, tena kwa kazi ya Weiner na wenzake wa Facebook, nacho ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Badala ya kukuambia RAM imejaa kiasi gani, kinakuambia ni asilimia ngapi ya muda programu zilikaa zikingoja memori. Mstari wa some ni pale angalau programu moja ilipokwama. Mstari wa full ni pale zote zenye kazi zilipokwama kwa pamoja. Mashine inaweza kuwa imejaa kabisa na full ikabaki sifuri, na mteja akaandika kwa raha. Ikianza kupanda, hata kama free inaonyesha nafasi, mtu fulani kwenye kiti anaona kipanya kimeganda. Kwenye Fedora hii, siku zile za foleni, nimeona some ikicheza na full ikikaa chini. Naridhika.

Sasa lawama, na ni nzito. Memori ikiisha kabisa, lazima kitu kife. Kerneli ina sehemu yake ya kuua, inayojulikana kama OOM (out of memory, yaani memori imeisha), ambayo huipa kila programu alama kulingana na memori inayotumia na marekebisho kati ya -1000 na 1000. Chrome ina busara hapa: huzipa tabo zake alama za juu ili zife tabo, brauza nzima ibaki. Shida ya OOM ya kerneli ni kuchelewa. Inangoja hadi imejaribu kila njia ya kuachilia kurasa, na kwenye diski ya kuzunguka majaribio hayo yanaweza kukugandisha hadi mteja akaondoka.

Fedora tangu toleo la 34 la mwaka 2021 imeweka systemd-oomd, inayotazama kile kipimo cha shinikizo na kuua mapema. Wazo zuri. Lakini haiui programu moja. Inaua kikundi kizima cha programu. Kwenye GNOME na KDE, sura nyingine za Fedora zilizo nzito kuliko Xfce, kila programu hufunguliwa katika kikundi chake, kwa hiyo anayekufa ni Chrome na tabo zake zote, jambo ambalo tayari ni baya kwa saiba. Xfce haizitenganishi programu hivyo, na kikundi kinachochaguliwa kinaweza kuwa kile kinachobeba kila alichofungua mtumiaji. Mteja anajaza mkopo wa HELB, anajikuta kwenye skrini ya kuingilia. Kwa toleo ambalo linapendekezwa kwa mashine ndogo, mpangilio huu haufai. Watu wa Fedora wamefanya kazi nzuri mno hadi hapo, hawakupaswa kuliacha hili hivi.

Niliizima systemd-oomd, nikaweka earlyoom, ambayo inapatikana kwenye hazina ya Fedora yenyewe. Hiyo, kwa mpangilio wake wa asili, inachukua hatua memori na swapu zote mbili zikibakisha chini ya asilimia 10: inaiomba programu moja yenye alama ya juu ijifunge, na zikifika asilimia 5 inaiua kwa nguvu. Unaweza kuiambia ipendelee nini na iepuke nini. Nimeiambia iepuke Xfce na huduma ya printa. Pia niliandika 1000 kwenye faili ya min_ttl_ms ya MGLRU. Maana yake, kurasa zilizotumika ndani ya sekunde moja iliyopita hazinyang'anywi, na ikishindikana kuzilinda, OOM inaitwa papo hapo bila kusubiri mashine igande. Kwa maoni yangu hili lingepaswa kuwa limewekwa tayari kwa kila mashine ya mezani.

Jambo la mwisho kwenye upande huu lilikuja kutoka kwa Chrome, si Fedora. Washa ile sehemu ya kuokoa memori kwenye mipangilio yake. Brauza inajua kitu ambacho kerneli haiwezi kukijua: ni tabo ipi ina fomu iliyoanza kujazwa. Tabo hiyo inaiacha, inaachilia ile ya matangazo na ile ya habari. Anayejua thamani ya vitu akitangulia kupunguza, kerneli inabaki na kazi ndogo.

Skana nayo inataka neno, kwa sababu ndiyo inayokula memori kimyakimya. Ukurasa wa A4 wenye rangi kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, baiti tatu kila moja, yaani takriban MB 26 ndani ya RAM kabla haujawa PDF. Kwa dpi 600 ni zaidi ya MB 104. Mtu akileta hati za shamba za kurasa 20 na kijana akaacha skana kwenye 600, hizo ni GB 2 zimeondoka. Karatasi nyeupe yenye maandishi hubanika vizuri sana kwenye zram, picha za rangi hazibaniki hivyo. Kwetu ni 200 au 300, na anayetaka zaidi anaskaniwa ukurasa mmoja mmoja.

Kwa wale watakaoniuliza kuhusu simu, kwa sababu simu za Android zina kerneli hii hii: unapoona dukani simu imeandikwa RAM GB 8 na kwa herufi ndogo 4+4, zile nne za pili si RAM. Ni nafasi ya hifadhi iliyotengwa kuhamishia kurasa. Ina msaada wake, lakini linganisha bei ukiihesabu kama simu ya GB 4.

Nani asichukue Fedora hii? Mwenye mashine ya biti 32, kwa sababu Fedora iliacha kuzitolea matoleo tangu toleo la 31 la mwaka 2019. Mwenye SSD, diski isiyozunguka, ya kutosha na anayefungua kazi kubwa kuliko RAM yake mara kwa mara, kama kuhariri video, afikirie zswap, inayobana kurasa ndani ya RAM kabla hazijaenda diskini, pamoja na swapu ya diskini badala ya zram. zram ikijaa huku kuna swapu nyingine, kurasa mpya ndizo zinazosukumwa diskini na zile zilizolala tangu jana zinabaki zimekalia RAM. Zswap inazipeleka diskini zile zilizolala zaidi. Na yeyote mwenye uwezo wa kununua kijiti cha pili cha GB 4 aanze na hicho kabla ya haya yote. Hakikisha tu ni aina inayokubaliwa na mashine yako, maana DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya 1.35 zinafanana kwa macho.

Upungufu ambao bado sijaupatia dawa ni masasisho. Kila toleo la Fedora huhudumiwa takriban miezi 13, kisha unahamia jingine, na kila uhamisho ni GB kadhaa kwa kila mashine. Kwa sasa tunayapakua usiku baada ya kufunga, mashine moja kwa usiku mmoja, na Juni hatugusi kitu.